Mama Akitoka Kupasuliwa: Majuma Sita ya Nyumba Nzima

Mwanamke arudipo nyumbani kutoka hospitali alikopasuliwa tumbo, neno la kwanza analopokelewa nalo na majirani ni swali: "Umepona?" Swali hilo huulizwa kwa upendo, na mgonjwa naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hujibu kwamba amepona. Siku ya tatu anaonekana akifua. Siku ya sita anapanda kilima na jerikani ya maji kichwani. Juma la pili anarudishwa hospitalini, homa imepanda na mshono umefunguka, na hapo ndipo minong'ono huanza kwamba daktari hakuifanya kazi yake vema.

Ndugu msomaji, yawezekana kabisa kwamba daktari aliifanya kazi yake barabara. Kisu chake hutumika kwa saa chache tu. Kupona huchukua majuma mengi, na sehemu kubwa ya majuma hayo hupita chumbani, jikoni na njia ya kisimani. Kwa hiyo makala haya hayamhusu mgonjwa peke yake. Yanamhusu mume, mama mkwe, wifi, watoto wakubwa na jirani wa karibu. Na hasa yanazihusu nyumba za askari na polisi, ambako baba au mama aghalabu huwa kazini mbali.

Tumechagua kuzungumza juu ya upasuaji wa ugonjwa uitwao endometriosi. Ni ugonjwa unaowatesa wanawake wengi kuliko inavyodhaniwa, na mgonjwa wake hurudi nyumbani bila jeraha kubwa la kuonekana, wala mtoto mchanga mkononi wa kuwafanya watu wamhurumie. Ndiyo maana ni rahisi kumsahau.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya mji wa mimba mna utando ambao kila mwezi hunenepa ukingoja mimba. Mimba isipotungwa, utando huo hubomoka na kutoka pamoja na damu ya hedhi. Kwa mwanamke mwenye endometriosi, nyama zinazofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya vifuko vya mayai, kwenye mirija ya uzazi, nyuma ya mji wa mimba, kwenye kibofu cha mkojo au kwenye matumbo. Nazo hufuata mwendo wa mwezi kama wenzake wa ndani: huvimba na kutoa damu. Tofauti ni kwamba damu hiyo haina mlango wa kutokea. Hubaki humo, ikachoma, ikafanya uvimbe na makovu, hata viungo vilivyokuwa vikiteleza kila kimoja mahali pake vikagandana.

Dalili yake kubwa ni maumivu makali ya hedhi, yale yanayomlaza msichana asiende shule, au yanayomshinda mama kusimama. Wengine huumwa wakati wa tendo la ndoa, au waendapo haja siku za hedhi. Wengine huchoka kupita kiasi. Na wapo ambao hawana dalili kubwa ila hawapati mimba, na wakipimwa ndipo ugonjwa unapoonekana.

Shirika la Afya Duniani, katika maelezo liliyoyatoa Machi 2023, linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani, yaani karibu mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Mtu awezaye kuhesabu wanawake wa mtaa wake, au wa kambi yake, anaweza kufanya hesabu mwenyewe.

Jina la ugonjwa lilienezwa katika miaka ya 1920 na daktari wa Marekani aitwaye John Sampson. Yeye alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni, ikapanda nyama hizo humo. Maelezo yake bado yanafundishwa, ingawa hayatoshi, kwa sababu wanawake wengi damu yao hurudi hivyo na hawaugui. Jambo moja ni dhahiri: ugonjwa huu hauambukizwi, hautokani na uzinzi, wala si kazi ya mchawi au ya jirani mwenye kijicho.

Kwa miaka mingi iliaminika, hata na waganga waliosoma, kwamba endometriosi ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye mali na kwamba mwanamke mweusi haupati. Mwaka 1976 daktari Mmarekani mweusi, Donald Chatman, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanawake weusi aliowatazama tumboni kwa kamera. Alimkuta zaidi ya mmoja kati ya watano akiwa na ugonjwa huo, na baadhi yao walikuwa wameambiwa kabla ya hapo kwamba wana maambukizi ya viungo vya uzazi. Walikuwa wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Kosa la namna hiyo halikukoma mwaka 1976, na bado wapo akina mama wanaokunywa vidonge vya maambukizi mwaka hadi mwaka bila nafuu.

Jirani zetu wa Kenya walifunguliwa macho na mtangazaji na mwendesha muziki wa rege, Jahmby Koikai, aliyeusimulia ugonjwa wake hadharani bila kuona haya. Kwake yeye nyama hizo zilifika hata kifuani, na mapafu yake yakawa yanasinyaa mara kwa mara. Mwaka 2018 alipelekwa Atlanta, Marekani, kwa upasuaji. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 38. Ugonjwa kufikia hali hiyo ni nadra, na hatukuutaja mfano huu ili kuwatisha wasomaji. Tumeutaja kwa sababu ya fundisho aliloliacha: maumivu yanayomwangusha mtu si "mambo ya kawaida ya wanawake", na yule anayeugua hastahili kuambiwa avumilie.

Njia ya kwenda kupasuliwa

Katika wilaya ya Rusizi, ambayo wengi tumezoea kuiita Cyangugu, zipo hospitali za Gihundwe na Mibilizi. Mwenye kadi ya Mituweli huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hupewa karatasi ya rufaa. Askari, polisi na jamaa zao walio katika Bima ya Matibabu ya Kijeshi, yaani MMI, wanayo njia yao, na yafaa waulize mapema ni hospitali zipi zinazopokea kadi hiyo na karatasi gani zinatakiwa. Kwa upasuaji wa endometriosi mgonjwa aghalabu huelekezwa kwenye hospitali kubwa zenye mabingwa wa magonjwa ya wanawake, kama vile ile ya Chuo Kikuu iliyoko Huye, au zile za Kigali, ikiwemo Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe.

Upasuaji ni wa namna mbili. Namna ya kwanza, daktari hutoboa matundu madogo matatu au manne, kila moja karibu upana wa ukucha, akajaza tumbo hewa ya kaboni ili lipanuke, akaingiza kamera na vyombo vyembamba, kisha akazikata au kuzichoma nyama zile. Namna ya pili ni ya kulifungua tumbo kwa mpasuo mmoja mrefu, kama afanyiwavyo mama aliyeshindwa kujifungua. Ya kwanza hupona upesi zaidi, lakini huhitaji vyombo na mafunzo ya pekee. Ni jambo la kutia moyo kwamba Oktoba 2023 kilizinduliwa huko Masaka, Kigali, kituo cha IRCAD Africa kinachowafundisha madaktari wa bara letu upasuaji huo wa matundu madogo.

Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi, yeye au msindikizaji wake aombe nakala ya karatasi ya upasuaji, na aulize maswali manne. Ugonjwa ulikutwa wapi? Umeondolewa wote au umebaki? Ni kiungo gani kimetolewa, kama kipo? Je, nyama imepelekwa maabara? Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na hati za nyumba. Siku atakapoonwa na daktari mwingine, itamwokoa na kuanza upya.

Safari ya kurudi

Kutoka Kigali hadi Kamembe ni safari ya saa tano au sita, na sehemu yake ndefu inapita katika msitu wa Nyungwe wenye kona zisizohesabika. Mgonjwa asiharakishwe kuondoka siku ile ile kama daktari amemshauri kungoja. Akae kiti cha mbele, au chenye nafasi ya kunyoosha miguu. Mkanda wa gari aufunge, lakini kati yake na tumbo aweke taulo iliyokunjwa. Akikohoa au gari likiruka, alikandamize tumbo kwa mkono au kwa mto mdogo. Kila baada ya saa moja au mbili gari likisimama ashuke atembee kidogo, na awapo kitini achezeshe vifundo vya miguu. Kukaa muda mrefu baada ya kupasuliwa kunaweza kugandisha damu miguuni, na damu hiyo iking'oka na kupanda mapafuni ni hatari ya kufa. Na atakaposhuka Kamembe, asipande pikipiki kumalizia njia ya mawe. Afadhali kulipa gari dogo.

Siku za kwanza

Aliyepasuliwa kwa matundu madogo anaweza kushangaa kuona bega linauma kuliko tumbo. Hiyo ni ile hewa iliyobaki ndani, inayousumbua msuli ulio chini ya mapafu. Huisha kwa siku moja hadi tatu, na kutembea-tembea ndani ya nyumba husaidia. Damu kidogo ukeni kwa siku kadhaa nayo si ajabu. Atumie pedi au vitambaa safi, asiingize kitu chochote ndani.

Dawa za maumivu zimezwe kwa saa zilizoandikwa, si kungoja maumivu yapande. Mgonjwa asiyeumwa sana huweza kupumua vizuri, kutembea na kulala, na hayo matatu ndiyo yanayomponya. Lakini zipo dawa kali za maumivu zinazofunga choo, na kujikamua chooni kunaumiza mshono. Dawa ya hilo iko shambani: papai, maparachichi, mboga za majani, maharagwe yaliyoiva vema, na maji ya kunywa ya kutosha. Choo kikikataa siku tatu, aende kituo cha afya akapewe dawa ya kulainisha.

Kidonda hakihitaji mitishamba, majivu, mafuta wala dawa ya meno. Kinahitaji kuwa kikavu. Daktari akiruhusu, aoge kwa maji ya kujimwagia, kisha mahali pa mshono pakaushwe polepole kwa kitambaa safi. Kuogelea ziwani Kivu, kukaa ndani ya beseni, au kwenda kwenye chemchemi za maji moto za Bugarama ambako wengi huenda kutafuta nafuu ya maungo, kungoje mpaka vidonda vimefunga kabisa. Hali kadhalika, ile desturi ya kulifunga tumbo kwa kitenge kwa nguvu, au kulikanda kwa maji ya moto, haifai kwa tumbo lenye mshono mbichi.

Jerikani na majuma sita

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Jerikani ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20. Kwa aliyepasuliwa kwa mpasuo mrefu, shauri la kawaida ni kutonyanyua zaidi ya kilo 4 au 5 kwa majuma sita. Kwa hiyo jerikani moja tu ni mara nne ya mzigo anaoruhusiwa, tena tusisahau kilima. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo naye ajihadhari na mizigo kwa majuma mawili hadi manne, na zaidi ikiwa matumbo au kibofu viliguswa. Matundu ya nje ni madogo, lakini kidonda cha ndani hakilingani na matundu hayo. Pengine nyama zimebanduliwa eneo lote la nyuma ya mji wa mimba. Anayelipima jeraha kwa kulitazama ngozi anapima vibaya.

Tuyagawe majuma hayo kama ifuatavyo.

Juma la kwanza, kazi ya mgonjwa ni kula, kulala, na kutembea ndani na uani mara kadhaa kwa siku. Asipike, asifue, asibebe mtoto. Mtoto anayenyonya au aliyezoea kupakatwa aletwe kwa mama akiwa ameketi, awekewe mto mapajani.

Juma la pili na la tatu, anaweza kuchambua maharagwe, kuwasimamia watoto masomo, kutembea hadi kwa jirani. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo na mwenye kazi ya kuketi ofisini huweza kurudi kazini karibu na mwisho wa juma la pili, kama hana maumivu na daktari amekubali.

Juma la nne hadi la sita, kazi nyepesi za nyumbani zirudi moja moja. Akifanya jambo leo na kesho akaamka na maumivu zaidi, hiyo ni ishara kwamba kazi hiyo bado. Airudishe nyuma siku chache.

Kulima, kutwanga, kukata kuni, na kuvuka mpaka kwenda Bukavu na mzigo wa biashara, hayo yote yangoje ruhusa ya daktari baada ya majuma sita, na kwa waliopasuliwa sana, hata nane au zaidi.

Itasemwa kwamba shauri hili ni la matajiri wenye watumishi, maana maji hayaji yenyewe. Ni kweli hayaji yenyewe. Basi kabla mgonjwa hajaenda kupasuliwa, siyo baada ya kurudi, nyumba ikae na kuandika kwenye karatasi: nani atateka maji, siku zipi, nani atapika, nani atawapeleka watoto shule, shamba litashikwa na nani, na kama ni msimu wa kupanda, je, tarehe ya upasuaji yaweza kusogezwa? Kama kuna fedha kidogo za akiba, afadhali ziende kwa mteka maji kuliko kwa soda za wageni. Na wageni wenyewe, kila ajaye kumjulia hali mgonjwa aje na kazi moja ya kufanya, akiimaliza aage.

Chakula cha kurudisha nguvu

Mgonjwa wa endometriosi mara nyingi huwa amepoteza damu nyingi kwa hedhi za miaka. Huhitaji chakula cha kujenga mwili na kuongeza damu, na hapa Rusizi hatuna sababu ya kukikosa. Sambaza wa ziwa Kivu, wabichi au wakavu, ni nyama ya bei nafuu. Maharagwe, mayai, maziwa, dodo na sombe, karanga, na tunda la machungwa au maracuja baada ya mlo ili madini ya chuma yaingie vema mwilini. Pombe asinywe akiwa anatumia dawa za maumivu.

Kwa akina baba

Mume askari amezoea amri na ratiba. Sifa hiyo ailete nyumbani. Ajue jina la kila dawa, saa yake, na tarehe ya kurudi kwa daktari, kama ajuavyo zamu zake za lindo. Akiwa nyumbani, kuteka maji si aibu. Kikosini mbona huteka? Na akiwa kwenye kazi ya kulinda amani nchi za nje, au katika kituo cha mbali, simu yake ya jioni isiwe ya kuuliza tu habari za watoto. Kabla ya kuondoka amwombe mtu mmoja, dada au shemeji, aje akae na mgonjwa kwa majuma yale ya kwanza, na amwachie nauli ya hospitali iliyotengwa isitumike kwa jambo lingine.

Juu ya tendo la ndoa, tuseme wazi bila kuvunja heshima. Lingoje muda ambao daktari ametaja, kwa kawaida majuma manne hadi sita, na zaidi ikiwa ndani ya uke pameshonwa. Muda huo ukiisha, mke ndiye mwenye neno la kwanza. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu wamelivumilia tendo hilo kwa maumivu kwa miaka, na mwili uliozoea kuumia hukaza hata kidonda kikiwa kimepona. Subira ya mume wakati huu hurudisha furaha ya ndoa. Pupa huiharibu.

Na kama nyumba haijajaliwa mtoto, mume asiache mkewe aulizwe peke yake na wazee. Endometriosi hupunguza uwezekano wa kushika mimba, lakini haiuondoi kwa kila mwanamke, na wapo wanaopata mimba baada ya upasuaji. Aidha, mume naye apimwe, kwa kuwa tatizo la uzazi hukaa upande wowote.

Kwa askari na polisi wa kike

Wapo wasomaji wetu ambao wao wenyewe ndio wavaa sare. Kwenu shauri ni hili: msirudi kwenye mazoezi ya viungo kwa kuona haya mbele ya wenzenu. Bunduki ya AK yenye risasi hufikia kilo 4 na zaidi, bila kuhesabu mkanda, maji na begi. Na mkanda wenyewe hukaa pale pale penye mshono. Ombeni cheti cha daktari kinachotaja kwa maneno mambo msiyopaswa kufanya: kukimbia, kuruka, kutambaa, kubeba, kusimama lindo saa nyingi. Cheti kisemacho "apumzike" tu humwacha mkuu wa kikosi akisie. Mkirudi, anzeni kwa kutembea, kisha mwendo wa haraka, kisha kukimbia polepole, na mazoezi ya tumbo yawe ya mwisho kabisa. Na nanyi wakuu wa vikosi, askari aliyepewa majuma sita akapona, atawatumikia miaka mingi. Aliyerudishwa la pili huenda akawa mgonjwa wa kudumu.

Dalili zisizongoja

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya au hospitali bila kukawia, hata kama ni usiku, akionyesha mojawapo ya haya: homa ya nyuzi 38 au zaidi; maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua; tumbo kuvimba na kuwa gumu; kutapika kusikokoma; mshono kutoa usaha, kunuka au kufunguka; damu nyingi ukeni, inayolowesha pedi nzima kwa saa moja; kushindwa kukojoa; mkojo au kinyesi kupitia ukeni; mguu mmoja kuvimba na kuuma; kifua kubana au kupumua kwa shida. Mshauri wa afya wa kijijini aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba mgonjwa amerudi, ili akiitwa ajue la kufanya.

Baada ya majuma sita

Mgonjwa akishapona mshono, nyumba nzima hupumua. Hata hivyo, ukweli sharti usemwe: upasuaji huondoa nyama zilizoota, hauondoi tabia ya mwili ya kuziotesha. Mapitio ya uchunguzi mwingi yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano ugonjwa humrudia katika miaka miwili, na katika miaka mitano hufikia wanne au watano kati ya kumi. Hata kuutoa mji wa mimba si dawa ya hakika, kwa sababu nyama hizo zaweza kubaki kwingine.

Kwa hiyo daktari aghalabu humpa mgonjwa asiyetafuta mimba dawa za homoni baada ya upasuaji: vidonge, sindano, kijiti cha mkononi au kitanzi chenye homoni. Ni dawa zile zile zinazotumika katika mpango wa uzazi, na hapa mume au mama mkwe huweza kukosea, akadhani mwanamke anakataa kuzaa. Aelezwe kwamba dawa hizo hupunguza hedhi, hutuliza maumivu na kuuchelewesha ugonjwa, na kwamba siku mtoto atakapotakiwa, zitaachwa kwa ushauri wa daktari. Sindano yaweza kuchelewesha uzazi kurudi kwa miezi kadhaa. Anayetaka mimba karibuni amwambie daktari mapema.

Hedhi ya kwanza au ya pili baada ya kupasuliwa huweza kuwa kali. Si lazima iwe alama kwamba kazi imeharibika. Mgonjwa awe na daftari dogo, aandike tarehe, damu na maumivu kwa alama kutoka 0 hadi 10. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litamweleza daktari mambo ambayo kumbukumbu haiwezi.

Tena, moyo nao hupasuliwa. Wapo wanaolia bila sababu, wanaokosa usingizi, au wanaoogopa kila kichomi. Wasikilizwe, na hali hiyo ikidumu zaidi ya majuma mawili, waambie kituo cha afya.

Zamani, kabla gari la wagonjwa halijafika vilimani mwetu, mgonjwa alilazwa katika ingobyi, machela ya kusukwa, akabebwa mabegani na wanaume waliopokezana hadi hospitalini. Kaya za kilima zilijiunga katika vikundi kwa ajili hiyo, na hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa ukoo gani. Leo gari humpeleka, na gari humrudisha. Kilichobaki cha kubebwa ni jerikani, jembe na mzigo wa kuni, kwa majuma sita tu. Familia zilizopanga kumpeleka mama kupasuliwa, zianze leo kuandika karatasi ile ya zamu za nyumbani, na jina la kwanza juu yake liwe la baba.